Kosa la Jumatatu Nililolinyamazia

"Tisa!" Alima aliita kutoka majini.

Niliandika tisa.

"Bado tisa... ngoja. Nane na nusu."

Nikaandika nane na nusu, nikatazama saa ya mkononi, nikaandika na dakika pembeni yake. Alima alikuwa amesimama maji ya magoti, khanga ameipandisha, mkono mmoja umeshika mti wa mkoko tuliousimika kwenye mlango wa hori la bahari. Mti ule ulikuwa na alama ishirini za panga. Mimi nilikuwa nimekaa mchangani na daftari pajani, na binti yetu Zuleica, wa miaka mitatu, alikuwa anafukuza kaa na kuwatukana kwa Kimwani.

"Baba Zuleica," Alima alisema, "hao watu wa gesi na meli zao zile, nao wana mke wa kusimama majini?"

"Wana mashine."

"Basi mashine yao ina raha. Ikitoka hapa haiendi kutwanga."

Tulicheka. Ilikuwa Jumapili, mwezi ukiwa umebakiza siku chache kuwa mpevu.

Ndugu zangu wa Quiterajo, Mucojo, Palma na Namoto, ninyi mnaotumia Bamvua kwenye simu zenu, hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho ya amani nyumbani kwangu. Nitawaeleza yaliyofuata siku kwa siku, kama nilivyozoea kuandika maji. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mnihukumu. Mimi mwenyewe nimejifunza kuchelewa kuhukumu, ila nimejifunza baada ya saa yake kupita.

Mimi ni Hamido, fundi wa redio na simu hapa Quiterajo. Shule niliishia darasa la saba. Kuandika programu nilijifunza katika kitabu cha Kireno kisicho na jalada, alichoniachia mpima ardhi mmoja pamoja na kompyuta yake mbovu. Nilisoma ukurasa mmoja kwa wiki. Mwaka wa tatu nikaweza kutengeneza programu ndogo ya simu za kawaida, inayomwambia mtu leo maji yanakupwa saa ngapi na yanaanza kurudi saa ngapi. Tukaiita Bamvua, kama siku zile ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kiasi.

Bamvua ni programu huria. Maana yake, maandishi yake yote yamewekwa wazi kwenye mtandao, kila mtu ayasome, ayachukue bure, ayatengeneze. Ni kama kisima cha wakfu. Mtu hauziwi maji, lakini kisima kisipokuwa na wa kukisafisha, baada ya msimu mmoja mnachota vyura. Juu kabisa ya maandishi yale niliweka sheria kwa mkono wangu: *Chukua. Tumia. Ukitengeneza, rudisha. Ukiona kosa, sema siku hiyohiyo. Majina ya waliofanya kazi usiyafute.*

Majina yalikuwa matatu. Mimi niliyeandika. Alima aliyepima. Na Abibo, mdogo wake Alima wa tumbo moja, niliyemfundisha miaka miwili kibandani kwangu. Abibo aliishi Namoto, akivusha sabuni na sukari kutoka ng'ambo ya Rovuma, na kule mtandao wa Tanzania una nguvu kuliko wetu. Kwa hiyo tulikubaliana: mimi natengeneza, Alima anapima, Abibo anapandisha kwenye mtandao na kutangaza toleo jipya. Neno la siri la kufungulia hazina yetu, pale mtandaoni maandishi yanapokaa, tulilijua mimi na yeye. Na tulikuwa na desturi moja ambayo hatukuwahi kuivunja. Hakuna toleo linalotoka kabla ya kulinganishwa asubuhi saba na mti wa mkoko.

Jumapili ileile, baada ya adhuhuri, Hassane alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda changu. Hassane ni mchuuzi wa simu na betri, anazunguka pwani yote kutoka Palma mpaka Mucojo.

"Fundi Hamido! Pongezi. Shemeji yako sasa ni mkubwa."

"Mkubwa wa nini?"

"Amepata kazi Palma, kwenye kampuni moja ya watu wa gesi. Kofia ya njano, viatu vya chuma. Akitembea utadhani punda amevaa ndoo." Akanipa simu yake. "Hii ndiyo Bamvua yake mpya. Naiweka kwenye simu za watu bure, bila waya, kila ninapopita. Ameniomba nimtangaze. Kesho kutwa niko Mucojo."

Niliifungua. *Bamvua, toleo la tano. Kazi ya Engenheiro Abibo.* Ati mhandisi! Nilitafuta jina langu mpaka chini. Nilitafuta la Alima. Nikajaribu kuingia kwenye hazina yetu, neno la siri limebadilishwa.

Nikampigia.

"Shemeji, usikasirike," Abibo alisema kabla sijasalimia. "Wale hawaajiri mti wa mkoko. Wanaajiri engenheiro. Nimeficha majina kidogo tu, mpaka nikae vizuri."

"Na la dada yako? Miaka minne majini, mpaka na mimba ya Zuleica."

Akacheka. "Dada anasimama tu, shemeji. Hata mkoko unasimama."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Jumamosi kwenye bamvua nawapeleka wakubwa wangu ufukweni hapa Palma," akaendelea. "Tutatembea mpaka kwenye matope ya mbali, wakiwa na vyombo vyao, wakifuata saa za programu yangu. Ukipenda njoo, nitakupa mwavuli uwashikie."

Ndugu msomaji, mimi si mtu wa kupaza sauti. Nilizima simu, nikafagia kibanda, nikapanga bisibisi kwa urefu wake. Lakini ndani yangu kitu kiliketi, kikakunja miguu, kikaagiza chai.

Alima nilipomwambia aliendelea kupepeta mchele.

"Jina langu ndilo hilo tu?" alisema. "Maji yatakupwa hata bila jina langu. Abibo alikuwa akiiba karanga tangu ana meno mawili. Mpigie tena mwambie arudishe, naye atarudisha. Ndugu yangu namjua."

"Amekuita mkoko."

Hapo mkono wake ulisimama juu ya ungo. Halafu ukaendelea.

Jumatatu asubuhi tulikwenda horini kama kawaida. Alima aliita alama, mimi nikaandika. Aliporudi nyumbani kuwasha moto, nikafungua toleo la Abibo nilinganishe. Simu ilisema maji yatafika chini kabisa saa moja na nusu. Mti ulisema saa kumi na mbili na nusu. Nikarudia hesabu mara tatu. Toleo la tano lilikuwa nyuma ya maji kwa muda wa saa nzima.

Chanzo nilikiona kabla chai haijapoa. Saa ya Tanzania iko mbele ya yetu kwa saa nzima. Kule Namoto simu zinashika mtandao wa ng'ambo, na saa zake zinaruka zenyewe. Ndiyo maana niliweka mistari mitatu ya kuiuliza programu, "Hii ni saa ya wapi?" Abibo alikuwa ameifuta mistari ile, pengine ilimchosha, akatengeneza jedwali lote la mwaka kwa saa ya Tanzania. Akalijaribu palepale Namoto, simu yake na jedwali lake vikakubaliana, akaridhika. Mtini hakulileta.

Niliandika taarifa ya kosa, kama sheria yetu inavyosema. Niliandika tarehe, alama za mti, chanzo, na mistari mitatu ya kurudisha. Ilikuwa taarifa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Ukurasa wa taarifa uko wazi, haudai neno la siri la mtu. Ilibaki kubonyeza mara moja, au kumpigia Hassane, au kumpigia Abibo mwenyewe.

Sikubonyeza.

Kichwani nilimwona Abibo Jumamosi ile ijayo. Nilimwona vizuri kabisa, na kofia yake ya njano, akiwaongoza wakubwa kwenye matope ya mbali huku akiwasomea saa kwenye simu. Niliwaona wakitazama viatu vyao. Nilisikia maji yakiingia kwenye soksi za wazungu. Nilimsikia mmoja akiuliza, "Engenheiro, hii ni nini?" Nikamwona Abibo anarudi Namoto na sabuni kichwani. Nilijiambia kwamba hakuna atakayedhurika zaidi ya viatu. Nikaihifadhi taarifa kwenye kompyuta, nikafunga. Jumamosi jioni ningeitoa, kila mtu aone nani anajua maji.

Jumanne Alima alikuwa akifunga dawa ya miguu kwenye kitambaa. Mama yake na Abibo, bibi Haula, mzaliwa wa Lindi aliyeolewa Mucojo zamani, alikuwa anasumbuliwa na magoti.

"Nitamkuta Hassane kule na programu yake," Alima alisema. "Wanawake wa Mucojo siku hizi hawaendi funguni bila telefone. Hivi, saa za Abibo ni sawa?"

Akanitazama usoni. Alikuwa mpimaji mwenzangu, akiuliza swali la kazi. Nikiamua kumwambia, nilijua, atampigia ndugu yake kabla ya kufunga kitambaa.

"Sawa tu," nikasema.

Neno hilo, ndugu zangu, ndilo lililoivunja nyumba yangu. Sikio langu lilikuwa limesikia Mucojo. Moyo wangu ulikuwa Palma.

Alima aliondoka Jumatano. Simu aliniachia mimi, maana tulikuwa nayo moja, na wateja wa kibandani hunipigia hiyohiyo. Zuleica akabaki kwa dada yangu.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu fungu la Mucojo, kwa wale wasiolijua. Liko mbali na pwani, linatoka majini siku za bamvua tu, na lina chaza na pweza kuliko penginepo. Lakini maji hayarudi kwa mbele. Yanazunguka nyuma, yanajaza mkondo kati yako na nchi kavu, wewe umeinama. Kwa hiyo wanawake wa kule tangu zamani walimwacha mmoja wao kwenye mkondo na debe tupu. Alichomeka kijiti mchangani, akakaa anakitazama. Maji yakikigusa kijiti, anapiga debe, wote wanatoka, hata kama pweza yuko nusu shimoni. Waliita kazi hiyo mlinzi wa maji, na alipewa mgao wake sawa na wengine. Mlinzi wa Mucojo kwa miaka mingi alikuwa bibi Haula, kwa sababu ya magoti yake.

Programu yangu ilipofika, debe liliachwa. "Bibi, telefone imekupokonya kazi," walimtania. "Njoo uiname na wewe, usile jasho la wenzio." Naye, mtu wa utani, aliinama.

Yaliyotokea Jumamosi nimeyasikia kwa wanawake watatu, na wote wamesema sawa. Walikuwa wanane. Mwenye simu, Sabina, alisema maji yatafika chini saa tano na robo. Alima akasema, "Mimi nadhani ni saa nne na robo. Jumatatu kwenye mti wetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, hesabuni wenyewe siku tano."

"Ala! Hii si ya mumeo na ndugu yako?" Sabina akamjibu. "Unawabishia wote wawili?"

Alima akaacha kubisha. Alikumbuka kuwa ameniuliza, na nimemjibu. Kile alichokijua kwa macho yake na kwa miguu yake, alikiacha kwa ajili ya neno langu.

Saa tano kasoro dakika kumi bibi Haula aliinua kichwa, akasema, "Mkondo unanong'ona." Wakamcheka. "Bibi anaitaka kazi yake." Saa tano na robo, wakati simu inawaambia maji ndiyo kwanza yamefika chini kabisa, mkondo ulikuwa kifuani. Wenye nguvu walijaribu kuogelea. Alima alimbeba mama yake mgongoni mpaka katikati, na hapo mchanga ulimkimbia chini ya miguu. Wavuvi waliokuwa wakivuta nyavu waliwaokoa saba.

Mimi nilikuwa kibandani, nimekaa karibu na simu tangu asubuhi, nasubiri habari za Palma. Ilipolia na kuonyesha jina la Hassane, nilitabasamu kabla ya kupokea. Nawaambia haya kwa sababu ni kweli. Nilitabasamu.

"Mano Hamido, kaka yangu," Hassane alisema, na sauti haikuwa yake. "Njoo Mucojo. Bibi Haula hatunaye."

Maziko yalikuwa asubuhi iliyofuata. Abibo alikuja na kofia yake mkononi. Wakubwa wake, nilisikia baadaye, hawakwenda ufukweni Jumamosi. Kampuni ilikuwa na jedwali lake la maji, limechapishwa vizuri, na programu ya Abibo hakuna aliyewahi kuifungua pale. Viatu havikulowa hata kimoja. Aliyekuwa hana jedwali lingine ni mama yake.

"Niliijaribu Namoto," alikuwa akimwambia kila mtu, hata watoto. "Namoto ilikuwa sawa. Wallahi Namoto ilikuwa sawa."

Watu walimgeuzia mgongo. Hakuna aliyempa mkono. Mzee mmoja alimwambia, "Engenheiro, nenda kawapimie waliokuajiri." Nikasimama pale, nimenyamaza, namwona Abibo akidhalilika kama nilivyotaka adhalilike, na zaidi. Kisasi kilikuwa kimekamilika, na mkono wangu hauonekani. Ndugu zangu, nitasema ukweli wote. Kilikuwa kitamu. Kilidumu muda wa kumeza mate. Kisha nikamwona Alima, viwiko vyake vimechunwa na miamba, ananitazama.

Kabla ya kurudi Palma, Abibo alinipa karatasi yenye neno la siri. "Chukua kisima chako, shemeji," alisema. "Mimi sitakigusa tena."

Arobaini ilipita. Alima alirudi Quiterajo, akasema tutoe toleo la sita, la kufuta lile. Akaketi mbele ya kompyuta aingize alama alizopima, kama nilivyomfundisha. Mimi nilikuwa nje natengeneza redio. Nikasikia vitufe vimeacha kugongwa.

Kila faili kwenye kompyuta lina tarehe yake. Alikuwa ameiona taarifa yangu. Kosa, chanzo, mistari mitatu, Jumatatu.

Alifunga kompyuta. Alipika, akampa mtoto chakula, akalala. Ijumaa aliviringisha kompyuta kwenye mkeka, akapanda pikipiki ya Hassane mpaka mahali penye mtandao mzuri. Huko akaifungua hazina ya Bamvua kwa lile neno la siri, akaiweka taarifa yangu juu kabisa, chini ya ile sheria yangu ya *Ukiona kosa, sema siku hiyohiyo*. Akaiweka na tarehe yake. Chini yake akaandika siku aliyozikwa mama yake. Halafu akampigia Abibo, akamsomea yote, mstari kwa mstari.

Alirudi jioni, akaanza kukunja khanga.

"Baba Zuleica," alisema, kwa sauti ileile anayoitia alama. "Ulilia jina lako limefutwa. Nimekurudishia. Atakayeifungua Bamvua, Palma, Lindi, popote, ataliona kabla ya kuona maji."

"Alima, nilikuwa nataka Abibo tu..."

"Najua ulitaka nini. Nilikuuliza nikiwa nimesimama mbele yako." Akafunga fundo. "Ungeniua mimi kwa hasira ningekuelewa. Umeniua kwa 'sawa tu'."

Akachukua mtoto. Hakudai talaka na hakusema atarudi. Siku hizi, kwenye bamvua, mwanamke anayekaa kwenye mkondo wa Mucojo na debe na kijiti ni yeye. Na hakuna anayemtania.

Funzo

Ndugu zangu, anayelipiza kisasi kwa kunyamaza hujiona hana damu mikononi. Mimi sikumpiga mtu, sikumtukana mtu, sikuharibu hata herufi moja ya kazi ya Abibo. Niliona kosa, nikalifuga. Kitu cha watu wengi kinapokuwa mikononi mwako, kiwe kisima, njia au programu ya bure kwenye simu ya mwanamke aliyeinama funguni, kosa lake si silaha yako. Lina siku moja tu ya kusemwa, nayo ni siku ile uliyoliona.

Nanyi vijana mnaofuata kofia za njano, kazi mtaipata, wala sitawalaani. Lakini msifute majina ya waliosimama majini. Jina likifutwa, desturi ya mwenye jina nayo hufutika, na ile desturi ndiyo iliyokuwa inalinda uhai.

Na enyi mama zangu, simu iwe nanyi, debe liwe nanyi. Msimwondoe mlinzi wa maji kwa sababu ya programu yoyote, hasa yangu.

Toleo la sita bado halijatoka. Ile mistari mitatu nimeirudisha, na majina yote matatu, na la nne, la bibi Haula, mlinzi. Zinabaki asubuhi za kulinganisha. Kupima kunataka watu wawili, mmoja mtini na mmoja kwenye saa, na mimi niko peke yangu. Nilimwandikia Alima kumweleza hivyo, bila kuomba lolote. Hakujibu. Lakini tangu Jumatano, kila asubuhi maji yakifika chini kabisa kule Mucojo, simu yangu inatoa mlio mara moja. Hakuna salamu, hakuna jina. Ni saa na dakika tu.

Leo imekuja ya tano, imekubaliana na toleo. Nimeiandika daftarini. Zimebaki mbili, na kesho maji yanakupwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Nimeshachonga upya alama za mti zilizoliwa na chumvi, kumi na moja tayari, tisa bado. Nitazimalizia asubuhi, kabla simu haijalia.